Duara la Maji ya Bluu

Sajenti Bernadeta alivua viatu mlangoni, akavipanga ukutani, ndipo akaingia. Wenzake kituoni humcheka kwa tabia hii. Humwambia ipo siku mtuhumiwa atatoka mbio, na yeye atabaki anatafuta kiatu cha kushoto. Yeye hajali. Anasema sakafu ya mtu huisikii vizuri mpaka uikanyage kwa soksi, na sakafu ya Sabina, pale Butimba, asubuhi hiyo ilikuwa na unyevunyevu.

"Nani amepiga deki hapa?"

"Nilifuta kidogo tu, Afande," Sabina alijibu.

"Hicho kidogo ndicho nilichokifuata."

Ilikuwa sebule iliyogeuzwa studio. Kuta zilibandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, dirisha moja lilitazama mawe makubwa ya nyuma ya nyumba, na kwenye meza ya mninga ilisimama kompyuta kubwa yenye ubavu mmoja wa kioo. Ndani ya kioo ungeona mipira miwili myembamba, tangi dogo na pampu, maana kompyuta hii ilipozwa kwa maji kama gari lenye rejeta. Maji yenyewe ni ya bluu. Sasa yalikuwa yamechuruzika mpaka chini ya sanduku, na kompyuta ilikuwa imezima kabisa.

"Niliiwasha asubuhi," Sabina alisema. "Taa ikawaka, nikasikia harufu ya kuungua, ikazima. Afande, baba yangu yumo humo ndani. Nyimbo zake zote za mwisho. Na aliyefanya hivi ni huyo hapo."

Huyo hapo alikuwa fundi Venant, mtu wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, ambaye ndiye aliyeiunda kompyuta hiyo. Alikuwa ameketi juu ya spika, begi la safari katikati ya miguu, na uso wa mtu ambaye ameshatukanwa vya kutosha.

"Ana tiketi ya meli ya leo mchana," Sabina aliendelea. "Anakimbia. Kama ni yeye, ondoka naye sasa hivi umweke ndani."

"Na kama si yeye?"

Sabina aliigeukia kompyuta iliyozima. Baba yake, Mzee Mhoja, alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma ambaye watu wa Kisesa na Magu walimfuata harusini hata kama hawakualikwa. Alirekodi nyimbo zake katika sebule hii, kisha akaugua, kisha akaondoka. Msiba ulikuwa umemalizika juzijuzi tu. Mtoto wa aliyekufa juzi husema maneno makali, na Bernadeta aliyapokea hivyo hivyo bila kuyapima sana.

Alimgeukia fundi. "Venant, jana mligombana. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia siku ikizima asinililie."

"Unaona?" Sabina aliruka. "Unaona, Afande?"

"Mlikuwa mnagombea nini?"

"Nakala," Venant alisema. "Nilimwomba tuweke nakala ya nyimbo za mzee mahali pengine. Akakataa. Nimemwomba tangu mzee yuko hai."

"Zikitoka humu," Sabina alisema, "kesho zinapigwa kwenye kila bajaji ya Mwanza kwa jina la mtu mwingine!"

"Basi hazijatoka," Bernadeta alisema taratibu, na Sabina akatazama chini. "Fungua begi, fundi."

Venant alifungua. Ndani mlikuwa na suruali, spana tatu ndogo, mita ya kupimia umeme, na kiboksi chenye viatu vyeupe vya mtoto mchanga. Bernadeta alikitoa kimoja. Kilimwingia kwenye vidole viwili tu.

"Cha nani?"

"Mtoto wa dada yangu. Anabatizwa kesho Nansio. Mimi ndiye baba wa ubatizo."

Bernadeta alikirudisha kiatu kwenye kiboksi, akakifunga vizuri. Spana hakuzirudisha. Alizipanga mezani, zionekane na kila mtu.

"Jana jioni nani aliiacha kompyuta mwisho?"

"Mimi," Sabina alisema. "Niliizima, nikafunga mlango wa mbele. Ufunguo ninao mimi, na mwingine anao yeye."

"Na mlango huu wa ndani?"

"Huo unaenda vyumbani. Tuko mimi na mama tu."

Mama mwenyewe aliingia kwa mlango huo huo, akiwa na chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu. Bi Suzana, mjane wa Mzee Mhoja, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana ya kulima.

"Shikamoo mama," Bernadeta alisema.

"Marahaba mwanangu. Kunyweni chai, shida haiondoki kwa njaa." Aliweka sahani, akapita karibu na kompyuta, akaiwekea kiganja juu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakiondoa. Akatoka.

Bernadeta alimenya kiazi, akala chote, ndipo akafungua mkoba wake wa vifaa.

"Tunaanza. Venant, fanya wewe. Mimi naangalia mikono yako."

"Afande, unampa mshukiwa—" Sabina alianza.

"Ameiunda yeye. Mkono unaodanganya huonekana haraka kuliko mdomo. Kaa hapo uangalie na wewe."

Venant alichomoa waya ukutani kwanza. Akabonyeza kitufe cha kuwasha mara kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe, akatoa na ile betri ndogo ya kwenye bodi. Hakuharakisha. Akafungua kioo, akakilaza juu ya taulo.

"Maji yalipoishia hayanisaidii," Bernadeta alisema, akimulika kwa tochi. "Nataka yalipoanzia. Tunatafuta sehemu ya juu kabisa yenye ubichi."

Chini kulikuwa na kidimbwi. Juu yake, kadi ya picha ilikuwa na matone. Juu ya kadi kulikuwa na mstari wa bluu uliotoka kwenye ungio la tangi, pale mpira unapokazwa kwa nati. Hapo ndipo pa juu kabisa.

"Ungio alilolifunga yeye," Sabina alinong'ona.

"Yote nimeyafunga mimi," Venant alisema. "Na haya maji, mzee ndiye aliyeyataka. Alisikiliza wimbo wake, akaniuliza, huyu anayehema humu ni nani? Ilikuwa feni. Nikaahidi nitamtoa huyo mtu."

Sabina alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

Bernadeta hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka shavu likagusa meza, akiitazama bodi, ile sahani pana inayosimama wima nyuma ya mipira. Nyuma ya lile ungio kulikuwa na doa kavu. Doa lenyewe lilikuwa duara, lenye ukingo mweusi kidogo, kama la kikombe cha chai mezani.

"Njooni muone. Hii bodi imesimama kama ukuta, sivyo?"

"Ndiyo."

"Maji yakimwagika ukutani yanachora nini?"

"Mstari," Sabina alisema. "Yanateremka."

"Na hili?"

Walilitazama wote. Venant ndiye aliyeelewa kwanza, akajishika kichwa.

"Haikuwa imesimama," alisema. "Mtu aliilaza. Kioo juu, ubavu wa bati chini. Maji yakadondoka nyuma yakatulia hapo, yakakauka. Mungu wangu, nani alilaza kompyuta yenye maji?"

"Na huu mstari wa kwenda chini ni wa asubuhi, baada ya kusimamishwa na kuwashwa," Bernadeta alimalizia. "Kwa hiyo imelazwa, ikavuja polepole, ikasimamishwa tena kwa adabu zote, na Sabina akaja kuiwasha bila kujua."

"Basi aliilaza makusudi baada ya kulegeza nati!" Sabina hakuwa tayari kushindwa.

"Tujaribu. Venant, una pawa saplai nyingine?"

Alikuwa nayo, kuukuu, kwenye kabati la studio. Aliunganisha pampu peke yake kwenye hiyo, bodi ikabaki bila umeme. Bernadeta alivalisha kila ungio kipande cha tishu nyeupe, kimoja kimoja, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda. Kisha pampu ikaanza kunguruma. Wote watatu waliinama juu ya sanduku, na kwa muda hakuna aliyemchukia mwenzake.

Tishu zote zilibaki nyeupe. Kisha ile ya kwenye tangi ikaingia bluu, nukta kwanza, halafu yote.

"Zima. Sabina, chukua hii spana. Legeza nati hiyo."

Sabina alijaribu. Akakunja uso, akajaribu tena kwa mikono miwili. Nati haikutikisika.

"Imekaza," alikiri.

"Mtu mwenye spana angelegeza nati. Nati iko vilevile alivyoiacha fundi wako. Kilichokatika ni hiki hapa." Bernadeta aligusa kishikio cha plastiki kilicholishika tangi. Kilikuwa kimevunjika, na tangi limeinama likivuta mpira, mpaka ungio likaachia upenyo mwembamba. "Tangi limejaa maji. Ukiilaza na kuitua kwa kishindo, uzito wote unaenda upande mmoja. Venant angejua hilo."

"Mimi hata kuisogeza tu hapa mezani huwa namwita mtu anisaidie," Venant alisema.

Bernadeta aliligeuza sanduku kidogo, akaangalia ubavu wa bati, ule uliokuwa chini. Kwenye matundu ya hewa kulikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi kulikuwa na manyoya mekundu. Alivuta moja kwa koleo dogo, akaliinua kwenye mwanga.

"Venant, geto kwako una blanketi jekundu?"

"Blanketi, Afande? Kwa joto hili? Najifunika shuka, na lenyewe kwa aibu tu."

Sabina alifungua mdomo. Akautazama mlango wa ndani, kisha akaufunga mdomo wake. Bernadeta aliliona hilo, lakini hakumuuliza. Kuna swali ambalo mtoto hapaswi kulijibu juu ya mzazi wake.

"Toa diski," alimwambia Venant.

Diski ilikuwa kijibao kidogo, kimejificha chini ya kadi ya picha, mahali pabaya kuliko pote. Kona moja ilikuwa na bluu. Sabina alipoiona alishika ukingo wa meza. Venant aliisafisha kwa brashi laini na spiriti, upande huu, upande ule, pini moja moja, akiishika kwa kingo tu. Kisha akaiweka mbele ya feni juu ya tishu safi.

"Ikauke kabisa," Bernadeta alisema. "Tukiichomeka ikiwa mbichi tutaimaliza wenyewe. Asiiguse mtu."

Alitoka nje kwa soksi zake.

Nyuma ya nyumba mawe yalikuwa yamebebana kwa namna ambayo mgeni wa Mwanza huogopa kupita chini yake na mwenyeji huanikia nguo. Juu ya jiwe la chini kabisa lilianikwa blanketi jekundu. Mbingu ilikuwa na mawingu, si siku ya kufua blanketi. Bi Suzana alikuwa ameketi kando yake akichambua dagaa kwenye ungo.

Bernadeta aliketi juu ya jiwe, akavuta ungo kidogo, akaanza kuchambua naye. Blanketi lilikuwa na alama hafifu ya bluu katikati. Sabuni ilikuwa imejitahidi ikashindwa.

"Mama, ulimbeba mwenyewe?"

Bi Suzana hakushtuka. Aliendelea na dagaa wake.

"Ni mzito, mwanangu. Nilipumzika koridoni, nikapumzika tena mlangoni."

"Nieleze."

"Siku ya kumaliza msiba waligawa nguo zake. Ndivyo inavyofanyika, hakuna aliyekosea. Koti alipewa mdogo wake. Kofia, suruali, mashati, kila mtu na chake. Mpaka kandambili zilipata mtu. Mimi niliketi kwenye mkeka nikiangalia. Nilipoingia chumbani, msumari wake ulikuwa mtupu." Alitupa kijiwe alichokikuta kwenye dagaa. "Sabina akanikuta nalia. Akaniambia, mama, usilie, baba yumo humu kwenye kompyuta. Nikasema haya. Sasa kama yumo, kwa nini analala sebuleni peke yake?"

Bernadeta alishika dagaa mmoja bila kumchambua.

"Nilimlaza kitandani upande wake, wa ukutani. Nikamzungushia blanketi, chini na juu. Nililala, mwanangu. Tangu aondoke sijalala vile. Alfajiri nikamrudisha mezani, Sabina asije akanicheka. Blanketi lilikuwa limelowa. Nikasema, maskini, ametokwa jasho, nimemfunika sana."

Bernadeta alijifuta macho kwa mgongo wa mkono unaonuka dagaa, jambo la kijinga, kwani yakazidi kuwasha.

"Ni mimi niliyemmaliza?" Bi Suzana aliuliza. Sasa mikono yake ilikuwa imesimama.

"Bado hatujui, mama. Anakauka kwenye feni."

"Na yule kijana wa Nansio? Sabina anasema mtamfunga."

"Alikuwa anasema hivyo."

Bi Suzana aliuweka ungo chini, akasimama, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Twende. Niandike mimi. Sitaki mtoto wa mtu afungwe kwa sababu ya kitanda changu."

Alisema mwenyewe, wima katikati ya sebule, mbele ya trei za mayai. Hakupunguza neno. Alipofika kwenye jasho, Sabina alikuwa ameshakaa sakafuni, mikono usoni.

"Mama, kwa nini hukuniambia unataka koti?"

"Ungenipa? Mlikuwa mnafuata utaratibu."

"Ningemnyang'anya baba mdogo kwa meno!" Sabina alilia. "Mimi ndiye niliyewakunjia. Nilikunja shati moja moja nikawapa, sikukutazama hata mara moja. Mama yangu, nisamehe." Bi Suzana alichuchumaa akamkumbatia kichwa, akambembeleza kwa Kisukuma, na hayo yalikuwa yao wawili.

Baadaye kidogo Sabina aliinua uso. "Venant. Nimekutukana mno."

"Nimesikia yote," Venant alisema. "Inuka ushike tochi."

Alitia diski kwenye kasha la nje, akamkabidhi Bernadeta waya. Bernadeta alichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Hakuna kilichotokea. Feni ilizunguka. Bi Suzana alikuwa ameshika kidole cha binti yake kama mtoto anayevushwa barabara. Venant alichomoa, akapuliza pini, akachomeka tena.

Kitaa kikawaka. Mafaili yakajipanga kwenye kioo, yote.

"Fungua lolote," Sabina alisema. "La juu hapo. Hilo ambalo halijakatwa."

Kwanza walisikia kikohozi. Kisha sauti nzito ya mzee, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kwenye spika:

"Hiyo taa imewaka? Ngojeni kwanza. Suzana yuko wapi? Mwiteni. Siwezi kuimba mtu yuko jikoni na masufuria. Aje akae hapa nimwone."

Halafu ngoma.

Bi Suzana alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. "Sikumsikia," alisema. "Siku ile nilikuwa nakaanga samaki. Sikumsikia akiniita. Hamkuniambia."

"Tuliikata hiyo sehemu," Sabina alisema. "Tulidhani ni kelele tu za kuanzia." Akamgeukia Venant. "Weka nakala. Weka mbili. Weka kumi kama unataka, zipigwe hata kwenye bajaji."

Venant alitoa kadi ya memori kwenye simu yake, akaweka sauti ya mzee, yote, na kikohozi. Kisha akaenda jikoni bila kuomba ruhusa, akarudi na kiredio cha Bi Suzana, kile anachosikilizia misa akipika. Akaichomeka kadi ubavuni.

"Kompyuta nitaitengeneza nikirudi, mama. Tangi nitalifunga kwa chuma. Lakini usiibebe tena." Alimwekea kiredio kwenye viganja. "Hiki hakina maji. Hiki unaweza kukilaza."

"Upande gani?"

"Wowote unaopenda."

Bi Suzana alikikumbatia, akawatazama wote kwa zamu, akaenda nacho chumbani mchana kweupe na kufunga mlango.

Bernadeta alikuwa mlangoni akivaa viatu. "Meli haijaondoka, baba wa ubatizo. Beba begi, nitakufikisha gatini."

"Na kituoni utasema nini, Afande?" Sabina aliuliza.

"Nitasema kompyuta ililala vibaya. Hakuna kosa."

Aliinama kufunga kamba ya kiatu cha kushoto, na kutoka ndani, nyuma ya mlango, wote watatu walimsikia mzee akikohoa, akiuliza kama taa imewaka, akiuliza Suzana yuko wapi.

"Nipo," Bi Suzana alisema. "Nimeshakaa. Imba."